Kihamba cha mezani: namna ya kukijenga kwa kipimo cha 1:32 na kukiwasha taa

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu. Tangu niweke picha za kihamba changu cha mezani nimeulizwa mambo mengi, na zaidi ni ya taa. Leo naandika yote kwa mpangilio, kuanzia ubao mpaka waya wa mwisho.

Kwa ambaye hajafika kwetu: kihamba ni shamba la nyumbani la Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Chini kuna magimbi na maharage, juu yake kahawa, juu ya kahawa migomba, na juu ya yote miti mikubwa kama mringaringa. Ng'ombe yuko bandani analetewa majani, na mfereji unashuka kutoka mlimani. Mwaka 2011 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ililiingiza eneo la Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Mimi nimekijenga kwa sababu wanangu wamezaliwa Dar na kihamba cha babu yao wanakiona Desemba tu.

Jambo moja mlishike kabla hatujaanza. Kihamba ni mahali pa kivuli. Ukikimulika kote kama ukumbi wa harusi, kinakuwa bustani ya hoteli. Kanuni niliyoifuata ni hii: kila taa iwe na mtu aliyeiwasha. Kama huwezi kusema ni nani aliyewasha taa ile na anafanya nini hapo, iondoe.

Hatua ya 1: Kipimo na ubao

1:32 maana yake kila sentimita 32 za kweli zinakuwa sentimita 1. Nimekichagua kwa kuwa ndicho kipimo cha matrekta na wanyama wa kuchezea wa kampuni za Siku na Britains, hivyo usipoweza kuchonga ng'ombe, utampata wa kununua. Mtu wa mita 1.70 anakuwa sentimita 5.3. Mlango wa mita 2 ni sentimita 6 na robo. Ng'ombe ukimpima begani awe kama sentimita 4.

Ekari moja kwa kipimo hiki inataka meza ya mita 2 kwa 2, kwa hiyo usijaribu kihamba kizima. Mwambie muuza mbao akukatie robo ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, yaani sentimita 122 kwa 61. Hapo una ardhi ya mita 39 kwa mita 19 na nusu: inatosha nyumba, jiko la nje, banda, kichanja cha kahawa na kona nzuri ya migomba. Unene uwe milimita 12, maana ubao mwembamba unapinda gundi ikianza kukauka. Upigilie miguu ya sentimita 5. Waya zote zitapita chini.

Hatua ya 2: Mteremko na udongo

Kwetu hakuna uwanja tambarare. Panga vipande vya ile povu nyeupe ya kwenye maboksi ya friji mpaka upande wa nyuma uwe juu kwa sentimita 9 kuliko wa mbele, kisha funika kwa vipande vya gazeti vilivyolowa gundi nyeupe ya maseremala. Gundi ya viatu usiisogeze hapo, inaiyeyusha povu.

Sasa simama. Kabla hujaweka udongo, amua taa zitakaa wapi na utoboe matundu yake mpaka chini ya ubao. Mara ya kwanza mimi nilitoboa mwishoni, migomba ikiwa imeshasimama, na nikaharibu kazi ya wiki nzima.

Udongo tumia wa kweli. Uchekeche kwa chujio la chai, ukaange kwenye sufuria kuukuu kwa nusu saa huku unakoroga, uache upoe. Paka gundi, nyunyiza udongo, kisha dondoshea gundi iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu.

Hatua ya 3: Nyumba na bati

Kuta ni boksi gumu lililofunikwa karatasi ya manila. Kabla ya kuzisimamisha, paka upande wa ndani rangi nyeusi mara mbili, na juu ya weusi paka rangi ya ukuta. Ukiruka weusi, taa ikiwaka ukuta mzima utang'aa kama taa ya karatasi.

Bati ndilo watu wanaloliuliza zaidi. Bati la kweli lina migongo inayopishana kwa milimita 76 hivi. Igawe kwa 32, unapata milimita 2.4. Sasa chukua bolti nene, ile inayofunguliwa kwa spana namba 30. Nyuzi zake zinapishana milimita 2.5. Tandaza karatasi ya fedha ya kufungia chakula, iliyokunjwa mara mbili, juu ya kipande cha ndala ya zamani. Iviringishe bolti polepole kwa kuibana chini, ukiishika miisho yote miwili. Ukiinyanyua, bati lipo, na migongo yake imenyooka. Kata vipande vya sentimita 2.5 kwa 8, vipange kuanzia chini kwenda juu, kila kimoja kikipanda juu ya mwenzake mgongo mmoja. Kutu ni rangi ya kahawia kidogo kwenye sponji, nyingi zaidi kwenye misumari na ukingo wa chini. Bati la jiko lipake masizi ya kweli.

Hatua ya 4: Migomba

Hapa usiwe na haraka, maana mgomba ndio uso wa kihamba. Kila mmoja ulinichukua kama dakika arobaini, na nimetengeneza ishirini na sita.

Shina ni kijiti cha mshikaki kilichozungushiwa selotepu ya karatasi, nene chini na nyembamba juu. Jani kata kwenye mfuko wa karatasi wa kaki, urefu sentimita 6 hadi 7. Katikati bandika waya mwembamba uliotolewa kwenye mota ya feni iliyoungua. Mafundi wa mota wanakuwa na rundo lake. Paka kijani pande zote. Kisha, na hili ndilo linaloupa uhai, lichane jani kutoka ukingoni kuelekea kwenye waya, mahali kadhaa pasipolingana, kama upepo ulivyofanya. Pinda waya jani liiname. Majani mawili ya chini yawe makavu, ya kahawia, yameangukia shina.

Usiipande kwa mstari. Panda kwa shina la familia: mama, mtoto na mjukuu, kama mabwana shamba wanavyofundisha. Mama ana mkungu, mtoto amefika kifuani, mjukuu ndiyo kwanza anachomoza kama mkuki.

Hatua ya 5: Vilivyobaki

Kahawa ni vijiti vikavu vyenye matawi, vilivyochovywa kwenye gundi na kubingirishwa kwenye vumbi la mbao lililotiwa rangi ya kijani iliyokolea. Miche ya kahawa iwe na urefu wa sentimita 6 na ipishane sentimita 8 hadi 9. Kwa matunda mekundu usitumie punje za ulezi: punje ya milimita moja na nusu kwa kipimo hiki ni tunda lenye ukubwa wa limau. Chovya ncha ya sindano kwenye rangi na uguse tawi, basi.

Mfereji ni mtaro wa kina cha nusu sentimita uliopakwa kahawia nzito, kisha vanishi angavu tabaka baada ya tabaka, kila moja ilale usiku kucha. Kichanja cha kahawa ni vijiti vya meno na kipande cha chandarua, kimo sentimita 3. Ng'ombe, kuku na watu fanya upendavyo.

Hatua ya 6: Taa

Umeme wa ukutani usiingie kwenye ubao hata kidogo. Tunatumia chaja ya simu ya volti 5. Kata waya kuukuu wa chaja, utafute wenye chanya na wenye hasi kwa multimita, kile kipima umeme cha mafundi. Usiamini rangi za waya wa bei ya chini, pima.

LED, vile vitaa vidogo vya elektroniki, ina miguu miwili, mrefu ni chanya. Haiunganishwi moja kwa moja na volti 5, inaungua. LED nyeupe inataka volti 3 hivi. Zinabaki 2, hizo azibebe rezista, kile kifaa kidogo cha kupunguza mkondo. Kwa mkondo wa miliampia 10, volti 2 gawanya kwa 0.01 ni omu 200. Dukani chukua 220, michirizi yake ni nyekundu, nyekundu, kahawia. LED ya njano au nyekundu inataka volti 2 tu, kwa hiyo rezista yake ni omu 330: chungwa, chungwa, kahawia. Kila LED na rezista yake. Watu huweka rezista moja kwa taa tano ili kubana matumizi, halafu taa moja inawaka sana na nyingine zinafifia.

Ukiunga taa kwa ule waya wa mota, kumbuka una vanishi juu yake. Usipoikwangua kwa kisu mwishoni, lehemu haishiki na utadhani LED ni mbovu. Kila kiungo kivishe kipande cha mrija wa plastiki. Jaribu taa kabla ya kuifunika, na tena baada ya kuifunika.

Sasa nani kawasha nini. Kwangu ni saa moja jioni. Mama yuko jikoni: LED ya chungwa ya mshumaa, ile inayochezacheza yenyewe, imefichwa nyuma ya mafiga, na mwanga unatoka mlangoni kwa chini. Sebuleni kuna watoto wanasoma: LED moja nyeupe ya joto, kelvini 2700 hadi 3000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), imebandikwa darini kwa ndani, dirisha lina kipande cha karatasi ya nailoni. Bandani baba anakamua, ametundika taa ya sola: hii ndiyo pekee iliyo nyeupe baridi, kelvini 6000. Kwa bibi kuna kibatari, LED ya njano yenye rezista ya omu 1,000, inawaka kwa shida kama inavyotakiwa.

Taa nne. Migombani hakuna taa. Lakini kwa kuwa mlango wa jiko umeielekea, majani mawili ya mbele yanapata ukingo wa rangi ya moto na yaliyo nyuma yanazama gizani. Nilikaa mbele yake nusu saa usiku wa kwanza, sikumwita mtu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu wa shule ya msingi, Same:* Hongera sana kaka. Wanafunzi wangu wanataka kupeleka kazi ya namna hii Nane Nane, viwanja vya Themi pale Njiro. Mchana kweupe hizo taa zitaonekana?

Hazitaonekana, mwalimu. LED ya miliampia 10 haishindani na jua. Kijengee kihamba sanduku la pande tatu na paa, ndani lipakwe bluu nzito isiyong'aa, mdomo uelekee kusini ili jua la Agosti lisiingie. Watoto waangalie kwa kuinama, macho yao yawe kimo cha migomba. Na ukuta wa nyuma upake rangi nyepesi kidogo kwa chini, kama mbingu baada ya jua kuzama.

*Mwanafunzi wa ufundi, Dodoma:* Shikamoo mjomba. Mimi nina betri ya sola ya volti 12, sina chaja. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Unga LED nyeupe tatu kwa mfuatano, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, na rezista moja ya omu 330. Tatu hizo zinakula volti 9.3 hivi. Betri ikiwa inachajiwa inaweza kufika volti 14.4, na hata hapo mkondo unabaki kama miliampia 16, hauunguzi. Ila usiache kuweka fyuzi ya ampia 1 karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Waya mwembamba ukigusana kwenye betri ya sola unawaka moto, na chini ya huo ubao una povu na magazeti.

*Mama wa watoto watatu, Tabata:* Kihamba changu kimeota ukungu mweupe kwenye udongo, na sisimizi wamehamia.

Pole dada. Udongo haukukaangwa vya kutosha, au umefunikwa kabla gundi haijakauka. Uanike kivulini penye upepo siku tatu, kisha pangusa ukungu kwa brashi kavu na upake spiriti mahali palipoota. Kama ulitumia uji wa ngano badala ya gundi, sisimizi wamefuata chakula. Sehemu hiyo ibandue.

*Kijana, Moshi mjini:* Kaka, nimeunga kwenye pawabenki, inawaka sekunde chache halafu inazima. Taa nne kama zako.

Hazijaharibika. Pawabenki nyingi zikiona mkondo mdogo mno zinadhani simu imejaa, zinajizima. Taa nne ni miliampia kama 30 tu. Rudi kwenye chaja ya ukutani, au tafuta betri tatu za tochi ndani ya kishikizo, hizo ni volti 4.5 na rezista ni zilezile.

*Mzee wa Marangu:* Umefanya kazi nzuri, kijana. Lakini masale, ile mimea ya majani marefu, naona kwenye picha umeyapanda katikati ya kahawa. Sale linakaa mpakani. Ndilo linaloonyesha kihamba chako kinaishia wapi, na ndilo unalomchumia jirani ukienda kumwomba radhi. Utalichumaje likiwa katikati ya shamba?

Shikamoo baba, na asante sana. Niliyaweka pale kwa kuwa kijani chake kilipendeza karibu na kichanja, sikufikiri zaidi ya hapo. Jumamosi nayang'oa yote kumi na mawili na kuyapeleka ukingoni, upande wa mfereji kwa jirani. Matundu yatakayobaki nitapanda magimbi.