Namna ya kusoma ripoti ya kipimo cha akili

Ripoti ya kipimo cha akili huwa na kurasa kadhaa, lakini wengi wanaoipokea hurukia pale palipoandikwa namba moja, tuseme 92, kisha wanaifunga. Namba hiyo ndiyo ya mwisho kutengenezwa, na chini yake kuna hesabu tatu au nne ambazo kila moja ina mahali pake pa kuharibika. Kwa hiyo isome kwa mpangilio ilivyojengwa: ukurasa wa mbele kwanza, majaribio madogo, fahirisi (alama za mafungu ya majaribio hayo), na jumla mwishoni.

Kabla ya hapo, jua ni akili ipi iliyopimwa. Kwa Kiswahili neno hili lina mzigo mkubwa: mwenye akili ni anayefaulu mitihani, ni mwenye busara, ni mjanja wa kujinasua, na mgonjwa wa akili tunamhesabu humo humo. Wanasaikolojia walikata kipande kimoja tu, yaani uwezo wa kufikiri kwa hoja, kutatua jambo jipya, kujifunza na kutumia ulichojifunza. Mwaka 1904 Charles Spearman aligundua kwamba anayefanya vizuri kazi moja ya kichwa huelekea kufanya vizuri na nyingine, hata zisizofanana, akasema nyuma yake kuna uwezo wa jumla alioupa herufi g. Louis Thurstone alipinga mwaka 1938, akataja uwezo wa msingi saba. Baadaye Raymond Cattell na mwanafunzi wake John Horn walitenganisha akili ya kutatua mapya na akili iliyojengwa na elimu na maisha. Ya kwanza huanza kupungua mapema utu uzimani, ya pili hudumu muda mrefu zaidi. John Carroll alichambua upya zaidi ya seti 460 za data na mwaka 1993 akaupanga uwezo huu kama piramidi yenye ngazi tatu: g juu, uwezo mpana katikati, stadi finyu chini. Vipimo vingi vinavyotumika leo vimejengwa juu ya ramani hiyo.

Nadharia ya Howard Gardner ya akili nyingi, ya mwaka 1983, inapendwa sana na walimu, ila haina kipimo sanifu kinachokubalika kwa upana. Ukiona ripoti inakwambia "akili ya muziki asilimia 80", umeshika dodoso la kujipendekeza tu.

Ukurasa wa mbele

Tafuta tarehe ya kupimwa, tarehe ya kuzaliwa, jina la kipimo na toleo lake, na lugha iliyotumika. Kisha piga hesabu ya umri mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa 25 Juni 2015 na kupimwa 12 Machi 2024 ana miaka 8, miezi 8 na siku 17, kwa utaratibu wa kukopa mwezi wa siku 30. Siku hizo 17 hazipandishwi kuwa mwezi wa 9. Huu si ukali usio na maana, kwani majedwali ya kumlinganisha mtoto na rika lake hubadilika kila baada ya miezi michache, na aliyekosea mwaka mmoja amemlinganisha mtoto na watu wasio rika lake. Kosa hili ni la kawaida kuliko unavyodhani, na likishaingia hapa, kila namba inayofuata imeharibika.

Toleo nalo lina uzito. Mtafiti James Flynn alionyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, alama za vizazi vipya zilipanda kwa takriban pointi 3 kila miaka kumi katika nchi nyingi zenye takwimu. Kwa kasi hiyo, anayepimwa leo kwa viwango (alama za watu wa kulinganishwa nao) vilivyokusanywa miaka 20 iliyopita anaweza kuongezewa pointi 6 za bure. Kwingine, Norwei kwa mfano, ongezeko limesimama na hata kugeuka, kwa hiyo usipunguze pointi kwa mazoea. Uliza tu viwango ni vya mwaka gani na vya watu wa wapi.

Kuhusu lugha, kanuni ni fupi. Kama kipimo kilifanywa kwa lugha ambayo mpimwa hajaimudu, sehemu za maneno zimepima lugha hiyo, siyo akili.

Majaribio madogo

Kipimo kamili hufanywa ana kwa ana, mtu mmoja kwa wakati, na huundwa na majaribio madogo kama kumi hivi. Chukua lile la kukumbuka tarakimu. Mpimaji anasoma "5, 8, 2" kwa mwendo wa tarakimu moja kwa sekunde, sauti ikishuka kidogo kwenye ya mwisho ili mpimwa ajue zamu imefika. Mpimwa anarudia. Kila urefu una nafasi mbili; akikosa zote mbili, sehemu hiyo inakoma. Baadaye anatakiwa kuzirudisha kinyume: "9, 4" inakuwa "4, 9". Inaonekana kazi rahisi kusimamia, lakini mpimaji akizisoma kwa mafungu, "58... 27", tayari amemsaidia mpimwa kuzifunga pamoja kichwani, na alama itapanda pasipo uwezo kupanda. Akirudia kwa kuwa nje kuna kelele, hali ni hiyo hiyo.

Jaribio jingine maarufu ni la vipande vya mchemraba vyenye pande nyekundu na nyeupe. Mpimwa huonyeshwa mchoro, aupange kwa vipande huku saa ikihesabu. Linakusudiwa kupima jinsi anavyoona maumbo na nafasi. Mwenye mikono inayotetemeka, au aliyesahau miwani, atapoteza pointi kwa sababu isiyohusiana na hilo. Mambo ya namna hii yanatakiwa yaandikwe kwenye sehemu ya mwenendo wakati wa kupimwa: alichoka, alikuwa na homa, alikataa kuendelea. Ripoti isiyo na sehemu hiyo ina pengo.

Majibu sahihi yakihesabiwa hupatikana alama ghafi, ambayo peke yake haisemi lolote, kwani 24 ya mtoto wa miaka 8 si 24 ya kijana wa miaka 14. Jedwali la umri huigeuza kuwa alama sanifu. Katika vipimo vya mwanasaikolojia David Wechsler, wastani wa jaribio dogo ni 10 na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika, ni 3. Mtu aliye kati ya 7 na 13 yuko pamoja na wengi wa rika lake. Usihangaike na jaribio moja lililopata 6 wakati mengine yana 9 na 10. Karibu kila mtu ana moja au mawili yaliyodondoka.

Fahirisi na jumla

Alama sanifu hukusanywa katika fahirisi. WISC-V, toleo la tano la kipimo cha Wechsler cha watoto, lililotoka mwaka 2014 kwa umri wa miaka 6 hadi 16, lina fahirisi kuu tano: uelewa wa maneno, uwezo wa kuona maumbo na nafasi, kufikiri juu ya mambo mapya, kumbukumbu tendaji (kushika taarifa kichwani huku ukiifanyia kazi), na kasi ya kuchakata. Hapa wastani ni 100 na mkengeuko ni 15, na IQ ya jumla, yaani ile namba moja ya kipimo kizima, hufuata mizani hiyo hiyo.

Wengi bado wanadhani IQ ni umri wa akili kugawanywa kwa umri halisi. Ilikuwa hivyo zamani. Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao Ufaransa mwaka 1905 ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni; William Stern akapendekeza kugawanya mwaka 1912, na Lewis Terman akazidisha kwa 100 mwaka 1916. Mtoto wa miaka 8 anayefanya kazi za miaka 10 alipata 125. Tatizo ni watu wazima: mtu wa miaka 40 anayefanya kama wa 20 angepata 50, jambo lisilo na mantiki. David Wechsler aliiacha hesabu hiyo katika kipimo chake cha mwaka 1939, na tangu hapo namba inaonyesha umbali wako kutoka wastani wa rika lako, basi.

Kuna jambo linalowashtua wasomaji makini: jumla inaweza kuwa mbali na wastani kuliko sehemu zake zote. Tuseme majaribio mawili yote yana 16, yaani mikengeuko 2 juu ya wastani, na uhusiano kati yao ni 0.5 (0 ni kutohusiana, 1 ni kwenda pamoja kabisa). Jumla ya umbali ni 4. Mkengeuko wa jumla ya majaribio hayo si 2 bali kipeuo cha pili cha 3, yaani 1.73. Gawanya 4 kwa 1.73, unapata 2.31, na hiyo ni alama ya 135, si 130. Sababu ni kwamba wanaofanya vizuri sana mara mbili ni wachache kuliko wanaofanya hivyo mara moja. Kwa walio chini ya wastani mambo huenda vilevile, ila kuelekea chini. Mpimaji hajakosea kujumlisha.

Pasentaili

Karibu na kila fahirisi kuna pasentaili, na wengi huisoma kama alama ya mtihani. Pasentaili ya 30 haimaanishi alipata asilimia 30 ya majibu. Inamaanisha amewapita watu 30 kati ya 100 wa rika lake. IQ ya 100 iko pasentaili ya 50, 115 iko ya 84, 130 iko ya 98; upande wa chini, 85 iko ya 16 na 70 iko ya 2. Hatua hizo hazilingani. Kutoka 100 hadi 110 unawapita watu 25 katika kila 100, lakini kutoka 130 hadi 140 huwapiti hata wawili.

Ukikuta namba kubwa sana, angalia mizani kwanza. Mizani moja ya Cattell ina mkengeuko wa 24, kwa hiyo 148 yake ni sawa na 130 ya Wechsler.

Ukingo wa makosa

Hapa ndipo pa kutulia, maana ndipo maamuzi mengi mabaya yanapozaliwa. Kila kipimo kina kiwango cha kuaminika, kinachoandikwa kati ya 0 na 1. Ondoa kiwango hicho kwenye 1, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 15. Kipimo chenye 0.96: 1 kutoa 0.96 ni 0.04, kipeuo chake 0.2, mara 15 ni 3, na hilo ndilo kosa la kipimo. Zidisha kwa 1.96 upate ukingo wa asilimia 95, karibu 6. Ile 92 ya mwanzo sasa inasomeka "kati ya 86 na 98". Fahirisi yenye 0.91 inatoa ukingo wa karibu 9 kila upande, mpana wa kutosha kumtoa mtu kundi moja hadi jingine.

Baadhi ya ripoti huweka ukingo usio sawa pande mbili, kwa mfano 70 yenye ukingo wa 65 hadi 77. Si kosa la uchapaji: alama za mbali huelekea kurudi karibu na wastani zikipimwa tena, na wataalamu hulihesabu hilo.

Kulinganisha fahirisi mbili kuna maswali mawili, na ripoti nyingi hujibu la kwanza tu. Je, tofauti ni ya kweli? Kama makosa ya kipimo ni 4 kwa moja na 4.5 kwa nyingine, jumlisha 16 na 20.25, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.96, unapata 11.8. Tofauti ya 12 imevuka mpaka. Je, ni ya nadra? Kwa kawaida hapana, maana watu wengi tu wana pengo la pointi 12 kati ya fahirisi zao na wanaishi bila shida yoyote. Pengo la 25 au 30 ndilo la kuulizia. Kwa pengo kubwa namna hiyo, soma fahirisi kabla ya jumla, ingawa kuitupa jumla moja kwa moja ni kuzidisha.

Namba hii inafaa wapi

Alama hizi zina uhusiano wa takriban 0.5 na matokeo ya shule. Uhusiano huo ukiuzidisha kwa wenyewe unapata 0.25: robo tu ya tofauti za matokeo kati ya wanafunzi inaendana na tofauti za alama. Kwa ulemavu wa akili, 70 au karibu yake haitoshi kutoa uamuzi. Lazima pia ionekane mtu anashindwa shughuli za kila siku, kama kuwasiliana, kujitunza na kushughulika na pesa, na kwamba hali ilianza utotoni au ujanani. Aliyempa mtu jina hilo kwa namba peke yake amekiuka utaratibu.

Usidanganyike pia na kipimo kisicho na maneno ukidhani hakina utamaduni. Matrisi za Raven, kipimo cha kukamilisha michoro cha mwaka 1938, zenye maswali 60 katika seti tano za 12, zilisifiwa hivyo. Ajabu ni kwamba ongezeko alilolionyesha Flynn lilikuwa kubwa zaidi kwenye vipimo vya aina hiyo. Mtafiti Robert Serpell naye aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliongoza; kwa waya waliongoza Wazambia, waliozoea kutengeneza vitu kwa waya.

Kurudia kipimo hicho hicho baada ya wiki chache huongeza alama kwa mazoea, hasa kwenye kazi za kupanga vitu kwa saa. Subiri angalau mwaka, au omba kipimo kingine cha kiwango hicho. Na kama mara ya pili imetoka 97 badala ya 92, weka kingo zake juu ya za kwanza: 91 hadi 103 inaingiliana na 86 hadi 98, kwa hiyo huwezi kusema mtu huyo amebadilika.