Kurusha dadu za sifa za mhusika kama mwaka 1974

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa Gary Gygax na Dave Arneson, ilipotoka Marekani mwaka 1974, kila mhusika alikuwa na sifa sita. Ukitaka kumuunda kwa njia ile, chukua dadu 3 za pande 6, zirushe pamoja, jumlisha, andika. Rudia mara 6 kwa mpangilio huu: nguvu, akili, hekima, ustahimilivu, wepesi, mvuto. Usihamishe namba hata moja. Utamu wenyewe uko hapo, maana dadu ndizo zinazokuonyesha mhusika anafaa kuwa nani.

Wengi hukosea kwa kurusha dadu moja ya pande 20. Hiyo hutoa 1 kwa urahisi uleule wa 10. Dadu 3 zina matokeo 216: 18 ina njia 1 tu (6, 6, 6), ilhali 10 na 11 zina njia 27 kila moja.

Kisha tazama sifa kuu ya kazi yake, mfano nguvu kwa mpiganaji. Akiwa na 15 au zaidi, pointi za uzoefu (alama anazokusanya mchezoni ili kupanda ngazi) huongezeka kwa asilimia 10. Akiwa na 6 au chini, hupungua kwa asilimia 20.

Namba zikiwa ndogo mno, rusha dadu 4 uiache ya chini kabisa: wastani hupanda kutoka 10.5 hadi karibu 12.2.