Yai la chura: soma mRNA ukianzia mkiani

Wengi wetu tukipewa mRNA, nakala ya jeni inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, tunakimbilia kodoni, yaani herufi zake zinazosomwa tatu tatu. Ndani ya yai la chura Xenopus laevis, kodoni zinakuambia ni protini gani tu. Hazikuambii itatengenezwa lini. Tuchukue mRNA ya saiklini B1, protini inayosukuma seli kugawanyika.

Hatua ya 1: Anzia kodoni ya kukomesha, uelekee ncha ya 3′, yaani mwisho wa mRNA. Hapo ribosomu, mashine za kutengeneza protini, hazisomi, lakini ndipo amri zilipo.

Hatua ya 2: Tafuta herufi UUUUAU, na jirani yake AAUAAA, alama inayohitajika ili mkia uongezwe. Ya kwanza hushikwa na protini CPEB.

Hatua ya 3: Pima mkia wa A, yaani mfululizo wa herufi A mwishoni mwa mRNA. Yai likiwa halijakomaa, mkia ni mfupi. CPEB imeshikilia vimeng'enya viwili vinavyopingana: GLD2 inaongeza A, PARN inazikata, na PARN ndiyo yenye nguvu. Homoni ya projesteroni ikifika, CPEB inapachikwa fosfati, PARN inaachia, mkia unarefuka. Hapa pananivutia kuliko pote: kinachorefusha kilikuwapo tangu mwanzo, ila mkataji ndiye aliyeondoka.

Hatua ya 4: Unganisha ncha mbili. Mkia mrefu hushikwa na protini zinazoshikana na protini eIF4G upande wa kofia ya 5′, yaani mwanzo wa mRNA, na ribosomu huanza kazi kwa urahisi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, kwa nini yai lisinakili jeni mpya tu?
Baada ya utungisho seli hugawanyika mbiombio, na jeni za kiinitete karibu zote huwa kimya hadi mgawanyiko wa 12 hivi, seli zikiwa kama 4,000. Hadi hapo kinategemea mRNA za mama.

Kwa hiyo mkia mrefu ni protini nyingi siku zote?
Hapana. Mwaka 2014 maabara ya David Bartel ilionyesha kuwa uhusiano huo ni mkubwa katika viinitete vichanga vya chura na samaki zebrafish, kisha hutoweka kwenye hatua ya gastrula, tabaka za mwili zinapoanza kupangika. Usiutumie kwa seli za mtu mzima.

Na mRNA iliyojikunja?
Swali zuri. Kwa nzi Drosophila, mRNA ya nanos hujikunja ikawa shina lenye kitanzi, na protini Smaug hukishika kitanzi hicho na kuzuia utafsiri, yaani utengenezaji wa protini, isipokuwa upande wa nyuma wa kiinitete. Ukiharibu vitanzi hivyo, protini ya Nanos hutengenezwa hata mbele, na kichwa hakiumbiki sawasawa.