Mashine ya kuoshea vyombo: namna ya kuinunua, na lini ulipie waranti ya ziada

Wateja wangu wengi hunipigia simu mara mbili. Mara ya kwanza wako dukani, mashine imeshachaguliwa, muuzaji amesimama pembeni ameshika fomu ya waranti ya ziada, na swali ni moja: "Fundi, niichukue?" Mara ya pili ni mwaka na nusu baadaye, mashine imezima katikati ya kuosha, maji yametuama ndani na sahani zimelala na mafuta yake.

Mwongozo huu ni wa kusoma kabla ya simu ya kwanza. Ninafanya kazi Dar es Salaam, kwa hiyo bei na mifano ni ya huku, ila wa Mombasa, Tanga na Unguja mtajiona humu, maana maji ya pwani yanafanana. Waranti nimeiweka hatua ya sita kwa makusudi. Huwezi kujua kama inakufaa kabla hujajua maji yako, umeme wako, na nani atakayekuja nyumbani mashine ikigoma.

Hatua ya 1: Anza na maji

Chukua ndoo ya lita 10. Iweke chini ya bomba ambalo mashine itaungwa, fungulia mpaka mwisho, na uhesabu muda kwa simu. Ikijaa ndani ya dakika moja uko vizuri. Ikizidi sana hapo, mashine itakuwa inasubiri maji, kisha itaandika kosa kwenye kioo na kusimama.

Sababu iko kwenye tanki. Mashine nyingi zinataka msukumo wa angalau bar 0.4 au 0.5 (bar ni kipimo cha msukumo wa maji), na kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takriban bar 1. Tanki lililopandishwa mnara wa mita 3 linakupa bar 0.3 tu. Hapo utahitaji pampu ndogo ya kuongeza msukumo, na bei yake uiingize kwenye hesabu ya mashine tangu leo.

Jambo la pili ni aina ya maji, na hapa naomba usipite haraka. Kuna maji magumu na kuna maji ya chumvi. Watu huyachanganya.

Maji magumu yamebeba chokaa. Visima vinavyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe, kama Mombasa na Unguja, vinayo kwa wingi. Yakichemka, chokaa inaganda. Nilishafungua mashine Kigamboni, haijamaliza miaka miwili, nikakuta hita imevaa ganda jeupe nene kama la yai. Nililigonga kwa kitako cha bisibisi likadondoka vipande, na chini yake chuma kilikuwa cheusi kwa kuungua. Kifaa cha kulainisha maji mashine ilikuwa nacho tangu kiwandani. Kilikuwa hakijawahi kutiwa chumvi hata siku moja.

Chumvi hiyo inaingia kwenye tundu lenye kifuniko cha kuzungusha, chini kabisa ndani ya mashine. Humo mna chembechembe zinazonasa chokaa, na chumvi ndiyo inayozisafisha ili zinase tena. Usitie chumvi ya mezani. Ni laini mno, ina madini joto na dawa za kuzuia isigande, itaziba. Inayotakiwa ni ya punje kubwa iliyotengenezwa kwa mashine hizi. Ukiwa dukani, uliza kama wanayo na uione kwa macho. Ukiulizia chumvi na muuzaji akabaki anakushangaa, hiyo nayo ni habari.

Maji ya chumvi ni mengine. Yale ambayo ukionja ulimi unaijua chumvi, kifaa cha kulainisha hakiyawezi. Yatakula hata chuma kisichoshika kutu, utaanza kuona vidoa vya kahawia kwenye kuta za ndani. Kama kisima chako ni cha namna hiyo, mashine iungwe kwenye tanki la maji ya DAWASA, yaani ya bomba la mamlaka ya maji, peke yake. Kama huna maji mengine, kwa moyo wote nakushauri usinunue.

Hatua ya 2: Umeme

Hita ya mashine hizi hula karibu wati 2,000. Kwa volti 230 hiyo ni karibu ampia 9, kwa muda mrefu, kila siku. Inahitaji soketi yake ya ampia 13 iliyofungwa na fundi umeme, yenye waya wa ethi unaofika ardhini kweli. Ekstensheni usiifikirie. Nimeng'oa plagi iliyoyeyuka ikashikamana na ekstensheni mpaka nikalazimika kuzikata zote mbili kwa msumeno.

Gadi, kile kifaa cha kulinda mashine umeme ukipanda na kushuka, ni lazima. Ila ile ndogo ya friji ya ampia 5 haitoshi, tafuta ya ampia 13 au zaidi. Kazi yake kubwa ni ile dakika umeme unaporudi baada ya kukatika: gadi inauzuia mpaka utulie ndipo iuruhusu uingie.

Wanaoletewa mashine na ndugu walioko nje: ya Marekani ni ya volti 120 na hezi 60, iacheni hukohuko. Ya Saudia volti zake zinakaribiana na zetu lakini hezi ni 60, yetu ni 50, kwa hiyo soma kibandiko pembeni mwa mlango uone kama imeandikwa 50/60. Ya Oman na Dubai inaingia bila tabu kwa upande wa umeme. Waranti ya huko, mara nyingi, inaishia huko.

Matumizi si ya kutisha. Programu ya Eco hutumia karibu uniti moja ya LUKU na lita 10 hivi za maji. Inachukua zaidi ya saa tatu, na ndivyo ilivyotengenezwa, kwa hiyo usije ukanipigia simu kwamba imekwama.

Hatua ya 3: Chagua ukubwa kwa masufuria yako

Dukani utasikia "ya watu 12" au "ya watu 14". Hesabu hiyo ni ya sahani, vikombe na vijiko. Haihesabu sufuria la pilau. Pima sufuria lako kubwa unalotumia kila wiki, kimo na upana, nenda na futi ya kupimia dukani, fungua mlango, pima. Uliza kama kichanja cha juu kinapandishwa. Mashine ya kawaida ina upana wa sentimita 60, nyembamba ni 45, na mlango ukifunguka unahitaji sentimita 60 nyingine mbele yake. Jiko dogo hapo linakuwa halipitiki.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: sufuria za alumini zikiingia humo zinageuka rangi, zinakuwa za kijivu mpaka nyeusi, kwa sababu sabuni yake ni kali. Mwiko wa mti, mbuzi ya kukunia nazi, chungu cha udongo, vyote nje. Kama vyombo vyako vingi ni hivyo, mashine itakuoshea nusu ya kazi tu. Lijue hilo kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Ulizia spea kabla ya bei

Usiulize "spea zipo?" Kila mtu atakujibu zipo. Taja vitu vitatu: pampu ya kutolea maji, bodi (saketi ya umeme inayoongoza mashine), na mpira wa mlango wa modeli hii hii. Omba namba ya karakana ya wakala, ipige wewe mwenyewe ukiwa bado dukani, uulize bei ya kila kimoja na kinafika baada ya siku ngapi. Karakana inayofanya kazi itakutajia bei, au itakuomba namba ya modeli ikupigie. Inayokwambia "wewe nunua tu, hakuna shida" imeshakujibu.

Mashine zinazouzwa pia Ulaya zina nafuu hapa. Tangu Machi 2021 sheria ya huko inawalazimisha watengenezaji kuwa na spea kama pampu na hita kwa angalau miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na mipira ya mlango miaka 10. Hiyo haimaanishi ipo Kariakoo, lakini ipo duniani, na kinachopatikana duniani kinaagizika.

Hatua ya 5: Soma waranti uliyopewa bure

Mama mmoja wa Tabata alinionyesha kibandiko kwenye mlango, kimeandikwa miaka 10 kwa herufi kubwa. "Fundi, hii bado miaka saba, kwa nini nilipe?" Nikamwambia, "Mama, naomba tusome hapa chini pamoja." Chini, kwa herufi za kusoma kwa miwani: mota. Miaka kumi ilikuwa ya mota peke yake, tena kifaa bila ufundi. Kilichokufa kilikuwa pampu ya kutolea maji, na hiyo ilikuwa na mwaka mmoja kama kila kitu kingine. Alinyamaza muda mrefu. Iliniuma, kwa sababu hakudanganywa kwa neno hata moja, na bado alikuwa amenunua kitu ambacho hakipo.

Kwa hiyo kaa na kadi hiyo. Tafuta inaanza kuhesabiwa lini, siku ya risiti au siku ya kufungwa. Tafuta kama ufundi na usafiri vimo. Kisha soma sehemu ya visivyolipiwa, polepole. Karibu zote utakuta: umeme kupanda na kushuka, chokaa, panya, mashine kufunguliwa na fundi wa nje, na matumizi ya biashara. Ukipangisha vyumba kwa wageni, hiyo ni biashara.

Muuzaji akikataa kutimiza alichoandika, malalamiko ya mlaji Tanzania yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa kuridhisha wa bidhaa yake.

Hatua ya 6: Sasa, waranti ya ziada

Tufanye hesabu. Tuseme mashine ni shilingi 1,600,000 na waranti ya miaka miwili ya ziada ni 240,000. Karakana imekutajia pampu na ufundi 90,000, bodi na ufundi 420,000. Ikifa pampu peke yake, umelipa 150,000 zaidi ya gharama. Isipokufa kitu, 240,000 imekwenda. Ikifa bodi, umeokoa 180,000.

Kwa hiyo inaonekana unainunua kwa ajili ya bodi. Lakini bodi nyingi ninazozifungua zimeuawa na umeme: unaona doa jeusi kwenye rilei (swichi ndogo iliyo juu ya bodi), unasikia harufu ya plastiki iliyoungua kabla hata hujatoa skrubu ya mwisho. Rudi hatua ya 5. Umeme haulipiwi. Hita iliyokufa kwa chokaa nayo hailipiwi. Vifo viwili vya gharama kubwa kwa mazingira yetu ndivyo vilivyoandikwa kwenye visivyolipiwa, na vyote viwili vinazuilika kwa gadi na chumvi ambazo utazinunua kwa pesa hiyo hiyo.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa wengi ni huu: nunua gadi, nunua chumvi ya mwaka mzima, na kinachobaki kitie kwenye kibubu chenye jina la mashine.

Wapo ninaowaambia wachukue. Nyumba yenye watu wengi inayoosha mara mbili kwa siku, maana kwa miaka miwili hiyo ni zaidi ya mara 1,400, na pampu na mipira huchoka kwa kazi. Mwenye modeli ambayo hita na pampu ya kuzungushia maji ni kitu kimoja, kikiharibika kimoja unanunua vyote. Hata hapo nataka mambo matatu yawepo: anayelipa ni wakala mwenye karakana yake mjini na siyo duka peke yake, vifaa, ufundi na usafiri vyote vimo, na bei haizidi sehemu moja ya kumi ya bei ya mashine. Duka moja nililowahi kufanyia kazi liliuza waranti hizo kwa bidii, kisha likafunga milango, na wateja wakabaki na karatasi. Niliwatengenezea baadhi yao kwa bei ya spea tu.

Uliza pia kama "miaka mitatu" inahesabu na ule mwaka wa kwanza wa bure. Mara nyingine unalipia miaka mitatu unapata miwili. Na uliza ikishindikana kutengenezwa, unapewa mashine mpya au thamani iliyopunguzwa. Jibu liandikwe kwenye fomu, kwa kalamu, na mhuri juu yake.

Huna haja ya kuamua siku hiyo hiyo. Uliza mwisho wa kujiunga ni lini. Wengine wanakubali ndani ya siku 30, wengine wakati wowote kabla mwaka wa kwanza haujaisha.

Hatua ya 7: Siku ya kuletewa

Linganisha namba iliyo kwenye kadi na iliyo pembeni mwa mlango. Piga picha kadi, kibandiko na risiti ya EFD siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi ya EFD hufifia na baada ya miezi inakuwa nyeupe tupu. Mpira wa maji machafu upandishwe juu kabla ya kushuka kwenye bomba la sinki, usilale sakafuni. Tia chumvi, weka kipimo cha ugumu wa maji kama kitabu kinavyosema, kisha washa programu fupi wakati waliokuletea bado wapo. Sabuni ni ile ya mashine. Ya kawaida ya vyombo itajaza jiko povu.

Hatua ya 8: Mwezi wa kumi na moja

Weka ukumbusho kwenye simu leo. Mwezi mmoja kabla waranti haijaisha, vuta mashine kidogo, mulika tochi chini na nyuma, pitisha karatasi ya chooni kwenye viungo vya mipira uone kama inalowa. Washa programu ya joto kubwa, na ikikaribia kumaliza shika sahani: iwe ya moto mkononi. Sikiliza pampu inapotoa maji. Ikikwaruza kama ina mchanga, safisha chujio, na ikiendelea, andika ujumbe kwa wakala siku hiyo hiyo pamoja na video. Usiishie kupiga simu. Kinachobaki kwenye maandishi ndani ya mwaka ni cha kwao, hata wakija kukitengeneza mwezi wa kumi na tatu.