Kuhamisha kadi za Kijerumani bila kupoteza tarehe zake

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni Mji wa Kale na Fort Jesus, na Kijerumani changu kingi nimekipata nikiwa kwenye feri ya Likoni, kadi moja baada ya nyingine: mbele "ngome", nyuma "die Festung". Nilipohamia Anki, programu inayokuuliza kadi na kupanga kila moja irudi lini, nilikuwa na kadi 1,400. Programu ya zamani ilinipa faili ya maandishi matupu. Maneno yalifika yote, tarehe za kurudiwa haikufika hata moja. Anki ikaziona zote mpya, ikanigawia 20 kwa siku, yaani siku 70 za kuulizwa maneno ninayoyasema kila asubuhi mlangoni pa ngome. Nikapandisha hadi 150. Juma la pili marudio yakanielemea, nikaacha karibu mwezi mzima. Sitaki yakukute.

Kwa hivyo panga kadi kabla ya kuzihamisha. Tazama programu ya zamani imezipangia kurudi lini. Inayorudi baada ya mwezi au zaidi, unaijua. Fungua faili kwenye Excel, ongeza safu ya tatu, uandike "najua", "nusu" au "geni". Zangu zilitoka 800, 350 na 250. Nilikaa nazo barazani jioni mbili, na hapo ndipo penye kazi hasa.

Faili ihifadhi kwa UTF-8, namna ya kuhifadhi herufi, la sivyo Schlüssel, yaani ufunguo, itakuja na ü iliyoharibika, na utaikariri hivyo hivyo. Ukiingiza, iambie Anki kwamba safu ya tatu ni lebo.

Sasa, kwenye kompyuta, fungua "Browse", tafuta tag:najua, chagua zote, bofya "Set Due Date", andika 30-90. Kadi 800 zitatawanywa katika siku hizo, kama 13 kwa siku. Za "nusu" ziandikie 1-14, zitakuja kama 25 kwa siku. "Geni" ziache mpya, 10 kwa siku zinatosha. Ikiwa ulishaingiza na kadi umeshaanza kuzijibu, ongeza alama ya mshangao mwishoni, 30-90!, ili urefu wa pengo, yaani siku kati ya rudio moja na jingine, nao ubadilike, si tarehe peke yake.

Ukiwasha FSRS, njia ya kupanga marudio iliyoingia Anki mwaka 2023, jibu kwa ukweli. Mimi nikikosea der na die, vijineno vya jinsia mbele ya nomino, nilikuwa nabonyeza "Hard" kwa kujihurumia. "Hard" maana yake umekumbuka kwa tabu. Umesahau? Bonyeza "Again", kwa sababu mapengo yote yanahesabiwa kutokana na majibu hayo.

Jambo la Ramadhani: Anki huanza siku saa kumi alfajiri. Nilikuwa nikirudia kadi wakati wa daku, saa tisa na nusu, zinahesabiwa za jana, na baada ya swala nakuta rundo jipya. Kwenye mipangilio, saa ya kuanza siku nimeiweka 2, yaani saa nane usiku.

Programu ya zamani usiifute mpaka kadi zote za "najua" zikupitie mara moja. Zangu kama 60 zilikuwa zimenitoka kabisa. Nilizibonyeza "Again", na Anki ikazirudisha karibu yenyewe.