Somo: Nauli ya ndege Kigoma–Dar, hesabu jumla siyo "kuanzia"

Nilimkatia shangazi tiketi ya kwenda Dar, nikachagua ya bei ya chini kabisa, nikajisifu. Uwanjani boksi lake la dagaa likawekwa kwenye mizani. Pesa tuliyotoa pale kwa kilo za ziada ikala nafuu yote na chenji juu. Siku hizi nafanya hivi.

Pima mzigo nyumbani kabla hujashika simu. Mtu wa Kigoma hasafiri mikono mitupu, kwa hiyo nauli isiyo na begi kwetu si nauli.

Kisha tafuta, ila bei ya "kuanzia" isikuzuzue; huenda ikawa ya mkoba wa mkononi tu. Kwa kila shirika endelea kubonyeza mpaka ukurasa wa malipo, usiweke namba ya kadi, halafu andika kwenye karatasi: nauli, kodi, ada za uwanja, begi, kiti, makato ya kulipia. Jumlisha. Linganisha jumla kwa jumla. Inachosha, najua, lakini ndipo ile ya "rahisi" inapoumbuka.

Kagua pia alama za tiki za huduma ulizowekewa bila kuulizwa, hasa bima. Umoja wa Ulaya, kanuni namba 1008 ya 2008 inataka bei ya mwisho ionekane tangu mwanzo, na nyongeza achague mnunuzi mwenyewe. Lakini hiyo ni ya kule; wewe tegemea macho yako.

Bei ikiwa ya dola, kumbuka benki itabadilisha kwa kiwango chake.

MASWALI

Mama wa Gungu: Wakala wa mjini kaniuzia ghali kuliko mtandaoni. Kaniibia?
Jibu: Si lazima, mama. Wakala ana ada yake. Mwambie aitaje peke yake, mbali na nauli. Kama hataki kuitaja, hapo ndipo pa kuuliza zaidi.

Kijana wa Ujiji: Nikiahirisha safari je?
Jibu: Soma masharti ya nauli kabla ya kulipa. Tiketi za bei ya chini nyingi hazirudishwi, na kubadili tarehe unalipia ada pamoja na tofauti ya nauli. Ukijua safari yako ina "labda", nunua ya juu kidogo.

Dada wa Mwanga: Na dumu la mawese?
Jibu: Ulizia shirika kwanza, maana likivuja kwenye mabegi ya watu ni kesi nyingine. Shangazi mawese anayapandisha treni. Dagaa ndio wanapanda ndege.