Namna ya kuandika, kutuma na kutunza ujumbe wa faragha

Mengi yanayoandikwa katika makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu hapa Lamu, kuanzia deni la nauli ya boti hadi posa ambayo haijajibiwa, hayakustahili kusomwa na mtaa mzima. Anayetaka kumjibu mtu mmoja aliyesema jambo kundini hana haja ya kuulizia namba yake: ataushikilia ujumbe ule kwa kidole, afungue orodha ya vitendo na achague kujibu kwa faragha, na maneno yatakwenda kwa mwenyewe tu, pamoja na kauli anayoijibu. Kabla ya kutuma, asome jina lililo juu ya skrini. Kwa kuwa kina Mohamed na kina Fatma ni wengi katika kila simu, ni vyema namba zihifadhiwe kwa majina yanayopambanua, kama vile Mohamed Boti au Fatma wa Shela.

Ujumbe wenyewe uwe mmoja, tena uliokamilika. Wengi hutoa salamu, wakangoja kuitikiwa ndipo waseme haja yao. Uso kwa uso hiyo ndiyo adabu, lakini mvuvi aliyetoka alfajiri atauona ujumbe adhuhuri, ataitikia salamu na kuiweka simu, na siku itakwisha haja haijatajwa. Salamu isiachwe hata kidogo. Iandikwe, kisha jina la mwandishi, haja yake na siku anayohitaji jibu vifuate papo hapo.

Kinachotaka uangalifu zaidi ni wakati. Simu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, nasi twahesabu kwa kuchomoza na kutua kwa jua, hivyo "saa mbili" isiyotajiwa asubuhi au usiku humpoteza mtu. Siku nayo ina utata wake, kwani kwa wazee wetu huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Niliwahi kumwandikia binamu yangu aliyekulia Nairobi kwamba maulidi yatasomwa nyumbani "usiku wa Ijumaa". Alibisha hodi Ijumaa baada ya Isha, amevaa kanzu mpya, akakuta majamvi yamekunjwa na sinia zimekwisha kuoshwa. Tangu hapo huandika "Alhamisi, saa mbili usiku", hata kwa jirani.

Ujumbe wa sauti humfaa asiyependa kuandika, lakini akiufungua mpokeaji aliyeketi barazani, faragha imekwisha. Ni heri kumtangulizia maneno mawili ya maandishi kwamba asikilize akiwa peke yake; akiiweka simu sikioni, sauti itatoka katika spika ndogo ya juu.

Tiki moja yaonyesha kuwa ujumbe umetumwa, mbili kuwa umefika, na zikigeuka buluu umesomwa, isipokuwa mwenyewe ameizima alama hiyo. Kwa hiyo asilaumiwe mtu kwa rangi ya tiki. Aliyekosea ana dakika 15 za kusahihisha maandishi yake, na ana siku mbili na ushei za kuyafuta kwa pande zote, ingawa mpokeaji ataona kwamba kuna kitu kilifutwa, na pengine alikwisha kukisoma au kukipiga picha.

Katika kutunza, mazungumzo ya kila siku yabandikwe juu ya orodha, na yaliyokwisha yapelekwe kwenye kumbukumbu, ambako hayapotei bali huondoka machoni tu. Ujumbe wenye hesabu au namba ya malipo utiwe nyota ili upatikane upesi. Ipo pia njia ya kuufanya ujumbe ujifute baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Mimi siitumii katika mazungumzo ya kodi, mahari au bei ya mbao za chombo, kwa sababu miezi mitatu ikipita, aliyeahidi na aliyeahidiwa watabaki kila mmoja na kauli yake.